Kuchagua matairi mapya ya pikipiki ya barabarani: aina gani, na je, la nyuma linaweza kupanuliwa?

Mwendapole

Ndugu zangu waendesha pikipiki, salaam.

Ninaendesha Suzuki SV650, na tairi lake la nyuma limefika mwisho. Limelika katikati mpaka likawa bapa, huku pembeni kukiwa bado na kashata (mpira wa juu wenye mifereji) za kutosha, na vile vinundu vya ukomo vilivyomo ndani ya mifereji vimeshalingana na uso wa tairi. La mbele lina hali nzuri kidogo, ingawa nikilipapasa kwa kiganja nahisi vijibonde vinavyofuatana pande zote mbili, na siku hizi pikipiki husita kulala ninapoanza kuingia kona, kisha huanguka ghafla upande mmoja.

Matumizi yangu ni ya kawaida. Siku za kazi ninakwenda na kurudi, sehemu ikiwa foleni na sehemu ikiwa barabara kuu, na mwisho wa juma husafiri mbali, mara nyingi mke wangu akiwa nyuma. Mvua hainizuii. Viwanja vya mashindano sivijui, ila kona nazipenda.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, je, nichukue matairi ya michezo au yale ya safari? Pili, la nyuma ni 160/60 ZR17 (yaani upana wa milimita 160, ukuta wenye kimo cha asilimia 60 ya upana huo, na rimu ya inchi 17), na muuzaji mmoja amenishauri nivishe 180/55 ZR17, kwa hoja kwamba tairi pana hushika lami zaidi na kwamba Yamaha MT-07, ambayo ni ya daraja moja na yangu, hutoka kiwandani na 180. Tatu, je, ninalazimika kubadilisha yote mawili, au nitoe la nyuma tu na kulimalizia la mbele maisha yake?

FundiMagurudumu

Ndugu Mwendapole, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuiharibu tabia ya pikipiki nzuri.

Maneno ya muuzaji huyo ni kweli nusu. MT-07 hutumia 180/55, lakini rimu yake ya nyuma ina upana wa inchi 5.5, ilhali ya SV650 ni inchi 4.5. Tairi la 160/60 limeundwa likae juu ya rimu ya inchi 4.5 hadi 5, na la 180/55 juu ya rimu ya inchi 5.5 hadi 6. Ukilivisha hilo la 180 kwenye rimu yako, kuta zake zitabanwa kuelekea ndani, na mgongo wake, ambao ulichorwa uwe na duara pana, utapanda juu na kuchongoka. Hapo unapata kinyume cha ulichoahidiwa: pikipiki ikiwa wima inakanyaga lami kwa ukanda mwembamba wa katikati, na unapoilaza, mpira wa pembeni haugusi ardhi kwa namna mtengenezaji alivyokusudia. Wengi waliofanya hivyo huona ukingo wa tairi ukibaki mpya kabisa wakadhani ni woga wao, kumbe ni umbo la tairi lenyewe.

Hata kama rimu ingeruhusu, upana una gharama yake. Tairi linapokuwa pana, mahali linapogusa lami husogea mbali zaidi na mstari wa katikati kila unapolala, kwa hiyo kona ileile, kwa mwendo uleule, itakudai uilaze pikipiki zaidi kidogo. Pikipiki kubwa za michezo huvumilia tairi la 190 au 200 kwa sababu zina nguvu nyingi za kupeleka ardhini wakati wa kutoka kwenye kona. Yako ina nguvu farasi zipatazo 75, na 160 inazimudu bila taabu yoyote. Tena wepesi wa kugeuka ambao watu huisifia SV650 kwa sehemu umetokana na tairi hilo jembamba. Zaidi ya hayo kuna suala la nafasi, kwa kuwa tairi pana husogea karibu na cheni na karibu na mkono unaolishika gurudumu la nyuma, na tairi hutanuka linapozunguka kwa kasi na kupata moto. Kuhusu kimo, sitakutisha bure. Ukuta wa 160/60 ni milimita 96 na wa 180/55 ni milimita 99, kwa hiyo kipenyo cha gurudumu zima kingeongezeka kwa asilimia 1 hivi tu. Tatizo liko kwenye umbo.

Sasa soma maandishi yote ya ubavuni, usiishie kwenye ukubwa. Tairi lako la nyuma litakuwa na 69W na la mbele 58W. Namba 69 maana yake tairi hilo, likiwa na upepo unaostahili, linaruhusiwa kubeba kilo 325, na 58 ni kilo 236. Herufi W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa; V ni 240 na H ni 210. Unaweza kununua tairi lenye namba au herufi ya juu zaidi bila madhara, lakini usishuke chini ya zile zilizotajwa katika kitabu cha pikipiki, hata kama huna mpango wa kufika mwendo huo, kwa sababu herufi hiyo hueleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto. Kwa mtu anayebeba abiria na mizigo, ile namba ya uzito ndiyo ya kwanza kutazamwa. Herufi R nayo inaonyesha kwamba tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani zinapita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya kukatiza kwa mshazari, na lazima libaki hivyo mbele na nyuma.

SafariNdefu

Ninaunga mkono yote yaliyosemwa juu ya upana, nami nitajibu swali la aina.

Kwa maelezo uliyoyatoa, tairi lako ni la safari lenye damu ya michezo, lile ambalo kila kampuni kubwa inalo: Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II, Metzeler Roadtec 01, Bridgestone T32, Dunlop RoadSmart IV, Continental RoadAttack 4. Watu hubishana usiku kucha juu ya lipi ni bora kati ya hayo. Kwa maoni yangu, tofauti baina yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya tairi lolote kati ya hayo likiwa jipya na lilelile likiwa limechakaa, na ni ndogo pia kuliko tofauti inayoletwa na upepo usio sahihi. Chagua lile linalopatikana kwa urahisi, likiwa limetengenezwa karibuni, kwa ukubwa wako kamili.

Sababu ya kulipendelea kundi hilo ni namna mpira wake unavyochanganywa. Mengi kati yake huwa na mpira mgumu zaidi katikati ya tairi la nyuma na mpira laini zaidi pembeni, ili kwenye barabara kuu ulike ukanda mgumu na kona zipate ule unaong'ang'ania. Wewe unalalamika kwamba tairi limekuwa bapa katikati, na hayo ndiyo maradhi ya anayekwenda moja kwa moja masafa marefu. Mchanganyiko huo hauyaondoi, bali huyachelewesha sana. Tairi la michezo la nyuma, likitumiwa kwa safari kama zako, mara nyingi huisha katika nusu ya umbali au pungufu ya hapo.

Jambo la mvua nalo linaeleweka vibaya. Wanunuzi hutazama mifereji, wakiona mingi na mirefu wanaridhika. Mifereji ina kazi yake, hasa maji yanapokuwa mengi, lakini tairi la pikipiki lina mgongo wa duara unaoyapasua maji na kuyasukuma pembeni, kwa hiyo huelea juu ya maji kwa shida zaidi kuliko tairi la gari lenye uso bapa. Kinachokushikilia kwenye lami iliyolowa, zaidi ya mifereji, ni mpira wenyewe kuweza kujikunja na kuingia katika vitundu vidogo vya lami ukiwa bado wa baridi. Silika (silica, unga wa madini kama ya mchanga) inayotiwa ndani ya mpira husaidia sana katika hilo, na matairi ya safari ya leo yana silika kwa wingi. Tairi la uwanja wa mashindano, kwa upande mwingine, hungoja joto ambalo foleni ya asubuhi haitalizalisha kamwe; ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu chini ya manyunyu, umekalia mpira mgumu na wa baridi.

Angalizo dogo tu: baadhi ya matairi hayo huwa na toleo la pili lenye mwili mzito zaidi kwa ajili ya pikipiki kubwa za safari, na kwa kawaida huongezewa herufi mwishoni mwa jina, kama vile Road 6 GT. Hilo usilichukue kwa SV650 yenye uzito wa karibu kilo 200, kwa maana litakuwa gumu na halitakupa hisia nzuri ya barabara.

KonaKali

Ndugu SafariNdefu, unaongea kana kwamba matairi ya michezo yamebaki yale ya miaka 20 iliyopita. Kuna tairi la uwanjani na kuna tairi la michezo la barabarani, na hivyo ni vitu viwili. Pirelli Diablo Rosso IV, Bridgestone S23 au Michelin Power 6 hupata joto upesi, yana silika, na hayakutupi kwenye mvua. Mwenzetu amesema anapenda kona. Duara la matairi haya limechongwa ili pikipiki ilale haraka na kwa uhakika, na raha hiyo huipati kwa kuhesabu kilomita zilizobaki.

Kuhusu la mbele, mimi ningelimaliza. La nyuma huisha kwanza karibu katika pikipiki zote kwa kuwa ndilo linalosukuma, na kutupa tairi la mbele lenye kashata ni ubadhirifu.

FundiMagurudumu

Ndugu KonaKali, kuhusu matairi ya michezo ya barabarani nakubaliana nawe. Kama mwenzetu angesema kwamba huendesha mwisho wa juma tu tena peke yake, ningemwelekeza huko bila kusita. Lakini ametaja barabara kuu kila siku na abiria nyuma, na kwa mtu huyo ule ukanda wa katikati utakuwa bapa kabla hajamaliza kuzifurahia zile pembe. Tairi la nyuma lililo bapa hugeuka vibaya kuliko tairi la safari lililobaki na duara lake, kwa hiyo hata hoja ya kona haisimami kwa muda mrefu.

Kuhusu la mbele, hebu rudi usome alivyoeleza. Amesema lina vijibonde vinavyofuatana. Vijibonde hivyo huzaliwa na vipande vya mpira vinavyosukumwa na kuachiwa kila unapofunga breki na kila unapolala, na upepo mdogo au vizuia mtikisiko vilivyochoka huviharakisha. Vikishaingia haviondoki. Kule kusita kwa pikipiki mwanzoni mwa kona na kisha kuanguka ghafla kwa sehemu kunatoka kwenye ubapa wa la nyuma, na kwa sehemu kunatoka hapo mbele. Akiweka la nyuma jipya lenye duara kamili na kuliacha la mbele lenye umbo lililoharibika, magurudumu mawili yatakuwa na maoni tofauti juu ya kona moja. Katika hali yake, abadilishe yote mawili.

Lingekuwa la mbele limelika sawasawa na limebakiwa na nusu ya maisha yake, ningekuunga mkono: weka la nyuma jipya la jina lilelile, kisha ubadilishe yote mawili litakapokwisha tena. Kuchanganya kampuni mbili hakukatazwi na maumbile, lakini watengenezaji huyapima matairi yao yakiwa jozi, na ukichanganya unakuwa mpimaji wewe mwenyewe. Kilicho hatari kweli ni radiali mbele na tairi la nyuzi za mshazari nyuma, hilo lisifanyike.

BiMwendo

Naomba nidandie mada hii kwa swali fupi. Pikipiki yangu ni ndogo, cc 150, yenye magurudumu ya spoki. Maandishi yake ni 2.75-18 mbele na 3.00-18 nyuma, nami sioni zile namba zenye mkwaju. Je, hayo yaliyosemwa yananihusu? Na je, naweza kuachana na tyubu kwa sababu ya pancha?

FundiMagurudumu

Dada BiMwendo, hayo ni maandishi ya inchi. Kwa kawaida 2.75-18 hulinganishwa na 80/90-18, na 3.00-18 hulinganishwa na 90/90-18, kwa hiyo unaweza kupata tairi la mfumo wowote kati ya hiyo miwili ukithibitisha kwamba linapita bila kugusa madigadi na cheni, na kwamba namba ya uzito haijashuka. Kile kistari kati ya upana na 18 kinaonyesha tairi la nyuzi za mshazari, nalo linakufaa kabisa kwa mwendo wa pikipiki hiyo.

Tyubu huwezi kuachana nayo kwa kununua tairi tu. Upepo utatoka kwenye matundu ya spoki, na rimu nyingi za namna hiyo hazina kile kinundu cha ndani kinachozuia ukingo wa tairi usichomoke upepo unapopungua. Tairi lenye alama ya TL (lisilohitaji tyubu) unaweza kulivisha ukitia tyubu ndani, lakini lenye alama ya TT (la tyubu) halivalishwi bila tyubu kwa hali yoyote. Kila unapoweka tairi jipya, weka na tyubu mpya, maana ile ya zamani imeshatanuka na ikikunjana ndani huzaa pancha nyingine. Kuhusu kashata, ukiwa mtu wa lami epuka zile za matuta makubwa yenye nafasi pana, kwa sababu mpira unaogusa lami ni mchache na breki za mvua zitakuonyesha hilo.

Mwendapole

Nawashukuru wote. Nimeshakubali kubaki na 160/60, nimeshakubali jozi, na nimeegemea upande wa matairi ya safari, samahani sana ndugu KonaKali. Limebaki jambo moja. Mahali nilipoulizia wana jozi ya aina ninayoitaka, ila la nyuma limeandikwa 4523 na la mbele 1619, nao wako tayari kupunguza bei kwa sababu ya hilo la mbele. Je, nilikubali? Na kuna lolote la kusimamia wakati wa kuvisha?

SafariNdefu

Tarakimu mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. La nyuma limetoka kiwandani katika juma la 45 la mwaka 2023, na la mbele katika juma la 16 la mwaka 2019. Tairi lililohifadhiwa gizani, mahali pakavu na penye baridi ya wastani, huzeeka polepole, kwa hiyo siwezi kusema kwamba hilo la 2019 limeoza. Lakini huwezi kujua lilikaa wapi, na ushauri unaotolewa na watengenezaji wengi ni kwamba tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi na liondolewe likifikisha 10 tangu kutengenezwa, hata likiwa na kashata. Wewe unalinunua likiwa limeshakula sehemu kubwa ya muda huo, tena la mbele, ambalo ndilo linalobeba karibu kazi yote unapofunga breki kwa nguvu. Mimi ningewaomba wanitafutie jingine, na punguzo ningewaachia.

Wakati wa kuvisha, hakikisha mshale wa ubavuni unafuata upande gurudumu linakozunguka. Dai valvu mpya za mpira, kwa kuwa za zamani hupasuka chini pale zinapopinda, na dai magurudumu yafanyiwe balansi. Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, kwa namba za kitabu cha pikipiki, ambazo kwa SV650 ni psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 33 mbele na psi 36 nyuma. Fundi akikuwekea 36 na 42 kwa mazoea, ujue hizo ni za pikipiki kubwa zaidi. Na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi, si kipimo cha pikipiki yako. Ukipima katikati ya safari utakuta upepo umepanda, na hupaswi kuupunguza.

Mpira mpya una uso laini unaoteleza, hivyo kwa kilomita 150 za mwanzo nenda taratibu, ukiongeza ulalo kidogo kidogo hadi ukingo wote ukwaruzwe na lami, na usifunge breki wala kufungua mafuta kwa ghafla. Mvua ikikukuta katika kipindi hicho, ongeza subira maradufu.

FundiMagurudumu

Nyongeza ndogo kwa ndugu SafariNdefu. Magurudumu yakiwa nje, yazungushe beringi kwa kidole. Zikikwaruza zibadilishe palepale, kwa kuwa kazi ya kufungua imeshafanyika. La nyuma likirudishwa, hakikisha cheni imenyooka na ina ulegevu unaotakiwa. Na kabla hujaondoka pale, ukiwa bado umesimama, bana breki ya mbele na ukanyage ya nyuma mara kadhaa mpaka zikaze, maana pistoni husukumwa nyuma wakati gurudumu linarudishwa, na mbano wa kwanza mara nyingi haushiki kitu.

Mwendapole

Nimewaambia walitafute la mbele jingine, na wamekubali kuliagiza. Beringi nitazikagua mwenyewe.